Gari la Mdogo Wangu na Shamba la Chini

Gari la mdogo wangu lilipiga magoti kwenye uwanja wa kanisa, Jumapili ya mavuno, watu wakiwa ndiyo wanatoka ibadani. Ilianza pembe ya mbele kushoto, taratibu, kama ng'ombe anayejiandaa kulala, kisha mbele yote ikashuka mpaka bampa ikakaribia kugusa majani. Mnada ulikuwa haujaanza. Mikungu ya ndizi ilikuwa imepangwa kivulini pamoja na kuku waliofungwa miguu, lakini hakuna aliyeiangalia. Wote waliangalia gari.

Baba alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, koti lake jeusi limefungwa vifungo vyote, fimbo kati ya mapaja. Alihisi anashuka lakini hakutoka. Aliikamata fimbo kwa mikono miwili, akatazama mbele kama mtu anayepigwa picha.

"Dada," mdogo wangu akaniita kwa sauti ya chini, "hebu njoo uangalie."

Nilikuwa na gauni la kitenge na viatu vya Jumapili. Nilipiga goti kwenye majani mbele ya kwaya nzima, nikachungulia chini ya gari ambalo nililiona kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Mimi ni fundi wa magari. Nina eneo langu mjini, mtaa wa Daraja Mbili, limezungushiwa mabati, na nimelikodi miaka mingi kiasi kwamba mwenye kiwanja haji tena kulikagua. Nilisoma chuo cha ufundi, darasa zima wavulana, halafu nikajifunza yaliyobaki kwa kuchafuka. Zamani mteja akiingia ananiuliza, "Fundi yuko wapi, mama?" Namwambia yuko mbele yako, anacheka, anasubiri fundi. Siku hizi wanaletana wenyewe, hasa wenye haya magari makubwa ya kifahari, ambayo mafundi wengi wanayaogopa kwa sababu kila kitu ndani yake kinaongea na kompyuta.

Hayo wateja wanayajua. Nyumbani kwetu, juu ya Kikatiti, ambako baba yangu analima kahawa na migomba kama baba yake alivyolima, nilikuwa "yule wetu anayeshinda chini ya magari". Baba hakuwahi kuja kuona ninapofanyia kazi. Mtu akimuuliza watoto wako wanafanya nini, anaanza na mdogo wangu, kitinda mimba, mtoto wa kiume peke yake, aliyesoma chuo kikuu na kufanya biashara ambazo kila mwaka zilikuwa na jina jingine. Kisha anabadilisha mazungumzo.

Siku ile niliwasha gari, nikasikiliza. Magari ya namna ile hayakai juu ya springi za chuma. Yanakalia mifuko ya mpira iliyojazwa hewa, na kuna kompresa ndogo inayoijaza. Kompresa ilinguruma muda mrefu, ikachoka, ikanyamaza. Kwenye dashibodi likatokea onyo.

"Limeshuka tu," nilimwambia. "Liendeshe polepole mpaka nyumbani, kesho uniletee."

"Baba asishuke?"

"Baba akae."

Baba akakaa. Walitoka uwanjani kwa mwendo wa kusindikiza maiti, gari likiburuza tumbo kwenye matuta, na watoto wakilifuata kwa nyuma.

Nyumbani nilimkuta mama jikoni anakoroga loshoro, mahindi na maziwa ya mgando. Nikamsaidia kupanga mabakuli.

"Mama, hili gari limetoka wapi?"

Hakuacha kukoroga. "Limetoka shamba la chini."

"Limetokaje shamba la chini?"

"Mdogo wako ameliuza."

Nilidhani sikusikia. Tuna shamba la juu linaloizunguka nyumba, na tulikuwa na la chini, lililoshuka hadi barabarani, ambalo ndilo lenye kahawa nzuri. Nimelipalilia tangu mkono wangu unaanza kushika jembe. Nimechuma kahawa yake nikiwa na homa. Ndoa yangu ilipovunjika na nikarudi na mabegi yangu, nilimwomba baba kipande cha pembeni tu, penye mawe, nipande mboga niuze wakati najipanga. Aliniambia bila hasira, kama mtu anayemweleza mgeni utaratibu wa nyumba, "Shamba la mtoto wa kike liko kwa mume wake." Nilirudi mjini nikaanza na spana za kuazima.

"Baba anajua?"

"Ndiye aliyeweka dole gumba." Mama akafunika sufuria. "Usimseme mdogo wako mbele ya baba yako. Leo amefurahi."

Ndiyo maana nasema sikulichukia gari lile kwa sababu ya ubovu wake. Nililichukia likiwa zima.

Kesho yake aliniletea. Nilichomeka mashine ya kupimia, ikasema hewa inachelewa kupanda. Nikaituhumu kompresa. Niliifungua, nikabadilisha ringi yake, nikasafisha kikaushio chake, nikaifunga. Gari likainuka vizuri, likasimama kama askari. Asubuhi iliyofuata lilikuwa chini tena.

"Dada," mdogo wangu akasema, amesimama mlangoni na miwani ya jua kichwani, "kumbe na wewe unabahatisha?"

Nilikoroga sabuni ya unga kwenye maji, nikalinyanyua gari mpaka mwisho wa kimo chake, nikapulizia povu kila mahali hewa inapopita. Viungo vilikuwa vikavu. Mapovu yakatoka kwenye mkunjo wa mfuko wa mbele kushoto, madogo madogo, pale ambapo mpira unajikunja gari likiwa chini na hapaonekani mpaka linyanyuke kabisa. Kompresa ilikuwa inajichosha kujaza mfuko uliotoboka. Mashine ilikuwa imeniambia nani anahema, haikuniambia nani amemchosha. Nilibadilisha mfuko, na wa upande wa pili pia kwa sababu umri wao ni mmoja, na gari halikushuka tena.

Lakini nikiwa bado nimeinama kwenye boneti, nilinusa harufu tamutamu ninayoijua. Nikamulika tochi chini ya injini kwa mbele. Kulikuwa na ukoko wa rangi ya chungwa umekauka kwenye bomba la plastiki, bomba la maji ya kupoza injini, lililojificha mahali ambapo anayefungua boneti kujisifu hawezi kuliona. Nikafunga pampu ya mkono kwenye tanki la maji, nikasukuma presha, nikakaa kwenye ndoo na kutazama mshale wake. Ulishuka polepole. Halidondoshi chini, ndiyo hatari yake. Maji yanatoka kidogo, yanaungua juu ya injini, mwenye gari haoni hata tone mahali alipoegesha.

Nilimwita, nikamwonyesha mshale.

"Hili bomba limepasuka kwenye maungio. Leo ni ufa. Siku utakayopanda mlima umebeba watu, litafunguka lote. Liache hapa mpaka lipatikane jipya."

"Dada, mimi nina safari."

"Safari iahirishe."

"Si nitakuwa naongeza maji?"

"Ukiongeza maji unaficha. Na huu mshale wa joto wa kwenye dashibodi usiuamini, unakaa katikati hata injini inapoungua. Mshale ukija kupanda, wewe umeshachelewa."

Akanishika bega. Alikuwa na mkono laini, mdogo wangu, tangu mtoto. "Wewe unapenda kutisha watu," akasema. Akachukua ufunguo.

Baadaye nilisikia kwa muuza vipuri wa mtaa wa Sokon One kwamba alilipeleka kwa fundi mwingine, likamwagiwa ndani ya rejeta ile dawa ya kuziba matundu. Inaziba kweli. Inaziba tundu, na inaziba pia vijia vyote vyembamba ambavyo maji yanatakiwa kupita. Nilimpigia simu. Hakupokea. Nikamwandikia ujumbe, nikaona ameusoma.

Kipindi hicho macho ya baba yalikuwa yameingia ukungu. Alikuwa anamwaga chai pembeni ya kikombe na kusema kikombe kimesogezwa. Mama alihangaika mpaka akapata miadi ya upasuaji Moshi. Nilisema nitampeleka mimi na pikapu yangu, kuukuu lakini haijawahi kunilaza njiani. Baba akakataa.

"Nina gari," alisema.

Basi wakaenda na gari.

Mama alinipigia nikiwa nimelala chini ya gari la mtu. Alikuwa anaongea kwa sauti kubwa kwa sababu ya malori. "Njoo, mama. Tumekwama. Linatoa moshi."

Niliwakuta karibu na Boma Ng'ombe, kwenye ule uwazi ambao jua halina pa kujificha na wewe huna. Gari limekaa pembeni, boneti juu, barabara imelowa kuelekea lilikotoka. Mama alikuwa amejitanda kanga kichwani. Baba alikuwa amekaa juu ya jiwe la pembeni mwa barabara, koti limefungwa vifungo vyote, uso ameuelekeza mahali ambapo alidhani magari yanatokea. Kila lori likipita, upepo wake ulimyumbisha, naye alijishikilia kwenye fimbo. Miadi ilikuwa imeshapita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nilikwenda kwenye injini. Bomba lilikuwa limefunguka lote, kama mdomo. Lakini bomba lenyewe ni kitu kidogo. Nilichomoa kijiti cha oili, nikaona rangi ya maziwa, nikajua maji yameingia mahali yasipotakiwa kuingia.

"Lilianza kupiga onyo wapi?" nilimuuliza mdogo wangu.

"Hapo nyuma."

"Nyuma wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Mama ndiye aliyesema, bila kumtazama mtu. "Tangu tulipopita njia ya uwanja wa ndege. Nilimwambia simama, akasema pale kuna watu."

Aliendesha injini inayoungua umbali wote ule kwa sababu hakutaka kusimama mahali watu wapo. Hedi ya aluminiamu, kile kichwa cha injini, ilikuwa imepinda kwa sababu ya aibu yake.

Ndipo baba akazungumza kutoka kwenye jiwe. Hakupandisha sauti. Kwa kuwa hakuona nilikosimama, alielekeza maneno kwenye tairi la nyuma.

"Hili gari si lilikuwa kwako juzi? Ulilifanya nini gari la mwenzio?"

Nilimtazama mdogo wangu. Nilimpa muda. Neno moja tu lingetosha, hata nusu ya neno. Yeye alikuwa ameshika simu, kidole kinapandisha na kushusha kitu ambacho sidhani alikuwa anakiona. Mama alifungua mdomo, nikaona anakumbuka lile alilonikataza jikoni, akaufunga.

"Nilitengeneza mifuko ya hewa, baba," nikasema.

"Na sasa linatoa moshi."

"Ndiyo, baba. Linatoa moshi."

Niliwapakia wazee kwenye pikapu, mama katikati. Mdogo wangu alibaki na gari, mimi nikawarudisha Kikatiti. Nilipomshusha baba kwa kumshika mkono, aliutoa mkono wake kwanza, akautafuta mlango mwenyewe.

Gari lilivutwa mpaka kwangu. Mdogo wangu alikuja mara moja, akachukua redio ndogo na mto wa shingo, akasema anakwenda Dar kuna mtu wa kuonana naye, akirudi tutaongea. Hakurudi. Simu yake ikawa inaita bila kupokelewa, baadaye ikawa haiiti. Gari likabaki kwenye kona ya mabati. Vumbi la Daraja Mbili lilikaa juu yake mpaka rangi ikapotea, na wateja wakawa wananiuliza kama nauza vipuri vyake. Wakati mwingine nilikuwa nikipita karibu nalo nalipiga teke tairi lake. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu lilikuwa linasaidia.

Baba nilimpeleka Moshi mwenyewe, miadi ilipopatikana tena. Akafunguliwa macho. Njiani kurudi alisoma vibao vyote vya barabarani kwa sauti, kimoja baada ya kingine, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mama alilia kidogo. Mimi nilisubiri aseme kitu kingine tofauti na vibao. Alisoma vibao.

Wiki kadhaa baadaye nikainua kichwa nikamwona amesimama kwenye lango langu, koti jeusi, fimbo, kofia mkononi. Hakuwahi kufika pale maisha yake yote. Alikuwa amepanda daladala mwenyewe, akauliza njia mwenyewe. Nilifuta mikono, nikamsalimia, nikamtafutia kiti. Hakukaa. Alitazama mabati, akatazama magari ya watu yaliyokuwa yamefunguliwa, akatazama ukuta wenye spana zilizopangwa kwa ukubwa. Moyo wangu ulipiga kijinga. Nilidhani amekuja kuona.

"Liko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akaenda, akafungua mlango wa mbele, akapangusa kiti kwa kofia, akaingia, akakaa. Alikaa mle kwenye gari bovu kwa muda mrefu, mlango wazi, mkono juu ya ile ngozi. Nikamfuata.

"Linatengenezeka?"

"Linatengenezeka, baba. Ila kazi yake ni kubwa."

"Litengeneze."

"La nini? Mwenyewe hayupo."

Akanitazama kwa macho yale mapya, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilimwona baba yangu hana la kusimamia.

"Mimi sina shamba la chini tena," alisema. "Shamba langu ndilo hili nimekalia."

Kama angeniomba msamaha ningeukataa, nilikuwa nimeshauandaa ukataaji huo miaka mingi. Hakuomba. Aliniachia tu lile jambo kichwani, akaniuliza choo kiko wapi.

Nilitengeneza. Sikutengeneza kwa upendo, na anayenisoma asinipambe. Nilifanya baada ya kazi za wateja, nikiwa na hasira, na hasira inakaza bolti kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo ilinibidi nifungue na kufunga tena kwa kipimo. Nilitoa hedi, nikaipeleka kwa wenye mashine ikachongwa mpaka ikalala sawa. Nikabadilisha gasketi, bomba, na mengine yote ya plastiki yaliyokuwa yanasubiri zamu. Rejeta niliitupa, ile dawa ilikuwa imegandia ndani kama uji wa jana. Nilisafisha oili mara kadhaa mpaka ikaacha kuwa na rangi ya maziwa. Siku niliyoliwasha liliunguruma chini kwa chini, tulivu, zuri. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Lilikuwa gari zuri.

Nilimpelekea baba Jumamosi. Aliliosha mwenyewe kwa kitambaa. Jumapili nikamwendesha kanisani, yeye mbele, mama nyuma. Uwanjani watu walikuja kumpa mkono. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Kumbe limepona! Kijana amerudi?"

Nilikuwa nimeshika usukani. Nilikuwa pale, hatua moja kutoka kwake.

"Yuko Dar," baba akajibu. "Lakini mambo yake anayafuatilia."

Mama akanigusa bega kutoka nyuma. Nilizima gari, nikatoa ufunguo, nikamkabidhi baba. Sikuingia ibadani. Nilitembea kwa miguu mpaka barabarani Kikatiti na viatu vyangu vya Jumapili, nikarudi mjini.

Mdogo wangu alitokea mwezi uliofuata akiwa na mtu wa kununua. Sijui nani alimwambia kwamba gari linatembea, ingawa nadhani najua. Mama anasema baba alitoa ufunguo kwenye mfuko wa koti mwenyewe, akampa mkononi. Mnunuzi alifungua boneti, akasifu injini, akauliza fundi ni nani. Mdogo wangu akasema ana mtu wake mjini. Wakaondoka nalo wote wawili. Baba alisimama njiani mpaka vumbi likatulia, kisha akaenda kulala na viatu.

Tangu hapo baba hajalitaja gari, wala shamba, wala mwanawe. Nikienda namsalimia, anaitika, ananiuliza kama mvua imenyesha huko mjini. Ukuta wa yule aliyenunua shamba la chini umeshapanda, mrefu, na kahawa yote imeng'olewa. Mimi huwa napita moja kwa moja jikoni.

Juzi tulikuwa tunamenya ndizi, mama na mimi, maganda kwenye beseni kwa ajili ya ng'ombe.

"Mdogo wako anakupigia?" akauliza.

"Hapana."

"Atapiga," akasema.

Nikachukua ndizi nyingine, nikaendelea kumenya.